Tunda la Mti Usiozaa

Daktari alikataa katakata kuandika neno "ajali," na ndiyo maana asubuhi hiyo Inspekta alikuwa amesimama juu ya ngazi ya mtu aliyekufa, mkono mmoja umeshika tawi, huku chini yake koplo akiishika ngazi kwa mikono miwili kana kwamba ameshika mtoto mchanga.

"Afande, ukianguka wewe nitaandika nini?"

"Andika kwamba ulikuwa unaongea badala ya kushika."

Kituoni walimwita Mama Swali, na hakuna aliyejua kama yeye mwenyewe anajua. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye tabia ya kuuliza jambo hilo hilo mara mbili kwa sauti tofauti. Sasa hakuuliza. Alitazama mahali tawi lilipokatwa, akapitisha kidole hapo, akateremka pole pole, kisha akachutama na kutazama miguu ya ngazi. Udongo wa uani ulikuwa laini. Juzi mvua ilinyesha, na tangu hapo kivuli cha mti hakikuliruhusu jua kuukausha. Miguu ya ngazi ilikuwa imezama kiasi cha kuficha kidole.

"Tulipofika jana ilikuwaje?"

"Ilikuwa imegusa tu," koplo akasema. "Kama mtu aliyesimama kwa ncha za vidole." Akaitazama ngazi juu mpaka chini. "Labda marehemu alikuwa mwepesi."

"Umewahi kumwona?"

"Hapana. Tulikuta ameshapelekwa hospitali."

"Alikuwa na mwili kunishinda. Ngazi hii haikupandwa na mtu yeyote kabla yangu. Iliegemezwa tu."

Marehemu alikuwa fundi wa zumari, na mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, Fundi Zumari, hata kwenye bango la karakana yake. Mkewe alirudi kutoka sokoni akamkuta chini ya mti wa uani, msumeno kando yake, tawi lililokatwa limelala miguuni pake, na ngazi imeegemea shina. Kila aliyefika alisema maneno yale yale: mzee alipanda kukata tawi, akateleza. Basi. Lakini daktari alikuwa amekuta mbavu za upande mmoja zimepondwa, na kichwani jeraha lililotokana na kitu kizito, si ardhi. "Kitu kilimwangukia yeye," alisema kwenye simu. "Yeye hakuangukia kitu. Na jambo jingine, Inspekta: hakufa papo hapo. Damu ilivujia ndani taratibu. Angefikishwa mezani kwangu mapema, huenda tungekuwa tunazungumza naye."

Kwenye bahasha ya hospitali mlikuwa na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa unga wa mbao uliokutwa kwenye nywele zake, mweusi uliochanganyika na mweupe. Koplo aliufurahia sana ushahidi huo mpaka walipoingia karakana, ambako unga mweusi ulikuwa kwenye meza, kwenye kuta, kwenye redio na hata ndani ya kikombe cha chai. Akashusha mabega. Cha pili kilikutwa ndani ya mkunjo wa mkono wa shati: kitu kigumu cha rangi ya kahawia, mfano wa kisahani kidogo chenye masikio yaliyojikunja nje, na katikati yake masalia ya nyama ya tunda iliyokuwa bado inanata.

Inspekta alikigeuza geuza juani, akaita jina la mtu aliyekuwa amekaa barazani na wafiwa. Si jina, kwa kweli, bali kazi yake, kwa sababu ndivyo kila mtu alivyomwita.

"Bwana Misitu, nisaidie kidogo."

Huyo alikuwa mdogo wake marehemu, msimamizi wa hifadhi ya msitu iliyo nje ya mji. Tangu msiba ulipotokea alikuwa hapo hapo: ndiye aliyepokea wageni, ndiye aliyezungumza na wachimba kaburi, ndiye aliyelala barazani ili shemeji yake asibaki peke yake. Macho yalikuwa mekundu na ndevu zimeanza kuota ovyo. Alikuja na kikombe cha chai ambacho kilishaota utando juu.

"Hiki ni nini?"

Alikitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kitu hicho kilivyohitaji.

"Ni kikombe cha tunda la abunusi. Ua likishakauka, majani yake ya chini hayadondoki, yanakua pamoja na tunda na kulishikilia kama kisahani. Ukila tunda, hicho ndicho unachotupa."

"Na huu mti wa hapa?"

"Abunusi." Alipozungumzia mti sauti yake ilipata nguvu, kama mgonjwa aliyeulizwa habari za timu yake. "Tazama gamba lake, jeusi, limepasuka vipande vipande vya mraba. Jani moja moja, linapokezana na mwenzake kwenye kitawi, ukingo wake hauna meno, juu linang'aa kama limepakwa mafuta. Mbao yake ya nje ni nyeupe. Ule weusi anaoutafuta kila mtu uko moyoni tu, na hautokei mpaka mti uzeeke. Tawi jembamba kama hilo alilokata kaka ni jeupe tupu."

"Kwa hiyo alikata tawi lisilo na faida kwake?"

"Labda lilimzuilia mwanga dirishani."

"Na hiki kikombe kimetoka kwenye mti huu?"

"Hicho ni cha abunusi," Bwana Misitu akasema, "na abunusi ni huo hapo."

Inspekta akakubali kwa kichwa. Akauliza kama marehemu alikuwa na ugomvi na mtu. Bwana Misitu alichelewa kujibu, kisha akasema hapendi kumchongea mtu, lakini kila mtu anajua kaka yake na yule muuza magogo, Kisiki, waliacha kusalimiana. Walikuwa wamefikia hatua ya kutishiana.

*

Kisiki alikuwa amekaa juu ya bidhaa yake, yaani juu ya gogo, katikati ya ua uliojaa mbao na makelele ya msumeno wa umeme. Alikuwa mtu wa mapande mawili, shingo hana, na jina lake la utani halikuhitaji maelezo. Alipoona sare ya koplo aliinua mkono, na msumeno ukazimwa.

"Mmekuja kwa ajili ya Zumari," alisema. "Nilijua mtakuja. Nani kanitaja? Mdogo wake?"

"Mligombana kwa nini?" Inspekta akauliza.

"Kwa sababu nilikuwa mjinga. Alikuja kutaka mbao nyeusi. Sina, nikampa mti mwingine niliouchovya kwenye rangi. Nikadhani mzee haoni vizuri siku hizi." Kisiki akajikuna kidevu. "Mama yangu, mzee alikigonga kile kipande na ukucha, mara moja tu, akasikiliza. Halafu akakitemea mate na kukisugua na leso. Leso ikawa nyeusi. Akanipigia kelele mbele ya wateja mpaka nikaona haya kuvaa suruali."

"Ukamtishia."

"Nilimwambia akirudi nitamfungia ndani ya kontena. Nilikuwa na hasira, afande. Maneno ya hasira. Hata ningemfungia, angenihubiria humo ndani kuhusu sauti ya mbao mpaka mimi ndiye niombe kutolewa."

"Asubuhi alipokufa ulikuwa wapi?"

Uso wa Kisiki ukabadilika, ukawa wa mtu mwingine kabisa, mpole. "Hospitali. Binti yangu alikuwa anajifungua, mambo yakawa mabaya. Niliomba mpaka wauguzi wakanitoa wodini. Waulizeni, hawatanisahau, nilivunja benchi lao."

Koplo alisogea pembeni kupiga simu. Aliporudi alikuwa anabana kicheko. Benchi lilikuwa limevunjika kweli, na mtoto alikuwa salama.

"Swali moja la mwisho," Inspekta akasema. "Ningetaka abunusi yenye moyo mweusi, leo, ningeipata wapi?"

"Hupati."

"Ningeitaka sana."

"Hata ukiitaka ukalia. Ile minene tumeimaliza, babu zetu na sisi, na mimi nilikula sehemu yangu, sikatai. Imebaki ile iliyo ndani ya hifadhi." Kisiki akasimama, gogo likapumua. "Na hiyo ina mlinzi. Nilimwendea mara ngapi sijui. Mgumu kama chuma yule bwana. Hata jani la chini hakupi."

Walipokuwa wanarudi kwenye gari, koplo alisema, "Basi tumerudi pale pale. Mzee alianguka mtini."

"Na mbavu?"

"Alianguka vibaya."

"Na ngazi?"

Koplo alimfungulia mlango wa gari. Inspekta alikitoa kile kikombe cha tunda kwenye bahasha, akakiweka juu ya goti lake na kukitazama njia nzima. Kilichomsumbua hakikuwa kitu kikubwa. Alijaribu kukumbuka alichokiona chini ya mti ule: majani makavu, gamba, vijiti, kandambili kuukuu ya mtoto. Alikuwa amechutama pale kwa muda mrefu. Kikombe kingine kama hiki hakukiona hata kimoja.

*

Chumba cha mimea mikavu kilikuwa nyuma ya chuo, kina makabati ya chuma kutoka sakafuni hadi darini na harufu ya dawa ya nondo inayokata pua. Mtunzaji wake alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine juu ya nywele, na alizungumza na mimea yake kwa heshima kuliko alivyozungumza na askari.

"Msiguse," alimwambia koplo, ambaye hakuwa amegusa kitu.

Inspekta alikuwa amepitia nyumbani kwa marehemu kuchukua kitawi cha ule mti wa uani. Alikiweka mezani, na kando yake akaweka kikombe cha tunda. Mtunzaji alibadilisha miwani.

"Vyote viwili ni jenasi moja, yaani ukoo mmoja," alisema. "Na vyote viwili, kwa kadiri ninavyoona, ni aina moja. Mnajua, ukoo huu ni mkubwa sana. Wengine ni miti ya kukuinamisha shingo nyuma, wengine ni vichaka vya kufika kiunoni tu, mtu anavipita bila kujua kwamba ni ndugu. Lakini alama za ukoo hazipotei. Jani zima, linalopokezana. Na hiki kisahani chini ya tunda, hata tunda liwe dogo kama njegere, utakikuta." Akasita. "Umesema vimetoka mti mmoja?"

"Sijasema. Nimeambiwa."

"Nani amekuambia?"

"Mtu anayejua miti."

Mtunzaji akatoa wembe kwenye droo, akakata machipukizi madogo ya maua yaliyokaa kwenye kitawi kwa vishada, akalipasua moja na kuliweka chini ya lenzi. Akapasua la pili. La tatu. Kisha akasogea pembeni.

"Tazama mwenyewe. Unaona nini katikati?"

"Nyuzi nyuzi. Nyingi."

"Hizo ndizo zinazobeba chavua. Sasa tafuta tumba la mbegu, kifuko kidogo cha mviringo."

Inspekta alitafuta, akatafuta tena. "Hakuna."

"Hakuna, na hakutakuwapo. Maua haya yamekaa kwa vishada, na ndani ni ya kiume matupu. Ua la kike hukaa peke yake, nene, na tayari lina kifuko chake. Katika ukoo huu, afande, karibu aina zote, mti mmoja ni dume na mwingine ni jike."

"Kama mipapai," koplo akadakia.

Kwa mara ya kwanza mtunzaji alimtazama kwa wema. "Kama mipapai. Mpapai dume unaweza kuumwagilia maji mpaka uzeeke wewe, papai hulipati. Kitawi hiki ni cha mti dume. Kikombe hiki ni cha tunda, na tunda ni la mti jike. Msimu unapoanza hivi, jike huwa bado limeshikilia matunda machache ya mwisho, na ukilitikisa yanakunyeshea. Sitakula kiapo mahakamani kwa mti nisiouona wote, maana maumbile hayakosi vituko. Lakini mkiniuliza hapa, ndani ya chumba hiki, nitawaambia kwamba hivi vitu viwili havijawahi kukaa kwenye shina moja."

Inspekta alitoka nje kwenye korido, akampigia simu mjane.

"Samahani mama, najua si wakati wake. Ule mti wa uani huwa unazaa?"

"Unazaa nini, mwanangu?" Sauti ya mjane ilikuwa imechoka. "Ule ni kivuli tu. Shemeji ndiye aliyetuletea mche, ulipokua ukatoa maua akaja kuutazama, akatuambia ni dume, tusisubiri kitu. Marehemu alimtania kwelikweli. Alikuwa akisema, 'Mdogo wangu, umeniletea mwanaume wa pili nyumbani.'"

Inspekta alishukuru, akakata simu, na kukaa na simu hiyo mkononi. Hicho ni cha abunusi, na abunusi ni huo hapo. Yule bwana hakuwa amesema uongo hata nusu. Alichukua kweli mbili, akaziweka bega kwa bega, akamwachia yeye aziunganishe.

*

Bwana Misitu alikubali kuwaonyesha hifadhi bila kuuliza sababu. Walimkuta ofisini kwake, nyumba ndogo ya bati karibu na lango. Alisema amekuja kubadilisha nguo tu, atarudi msibani. Alitangulia kwenye njia, nao wakafuata. Chini ya miti hewa ilikuwa ya baridi na unyevu, na nyayo zao hazikutoa sauti.

"Nataka kuona abunusi jike," Inspekta akasema.

Bwana Misitu hakusimama, lakini mwendo ulipungua, kama gari lililoishiwa mafuta. Akaendelea kupungua hivyo hivyo mpaka akafika mahali msitu ulipofunguka kidogo. Mti uliokuwa pale watu watatu wasingeweza kuukumbatia. Chini yake ardhi ilikuwa imetapakaa matunda ya manjano yaliyopasuka, nzi, na vikombe, vikombe vingi sana, vikavu na vibichi. Juu, palipokuwa na tawi nene kama mwili wa mtu, pamebaki jeraha: duara jeupe nje, na katikati jeusi, jeusi la kung'aa. Nusu yake ilikuwa imekatwa kwa msumeno. Nusu nyingine ilikuwa imechanika.

Tawi lenyewe lilikuwa limefunikwa kwa majani makavu. Koplo aliyaondoa kwa mguu, kisha akaacha, kwa sababu upande mmoja wa gamba ulikuwa na alama iliyokauka ambayo haikuwa utomvu.

"Niambie," Inspekta akasema.

"Unajua tayari."

"Niambie wewe."

Bwana Misitu alikaa chini pale pale, juu ya matunda.

"Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Alisema anataka kutengeneza zumari moja ya mwisho kabla mikono haijamkataa, na ya mbao ya kweli. Kisiki akamfanyia ule mchezo wake. Akaja kwangu. Nikamkatalia. Akaja tena, hakusema kitu, akanyoosha tu mikono nikaiona." Akaokota kikombe kikavu. "Maisha yangu yote sijamruhusu mtu kugusa mti huu. Nikasema, tawi moja. Kabla askari wangu hawajaingia kazini. Nilipanda mimi, yeye alikuwa chini ananielekeza. Nilimwambia akae mbali. Alisogea kusikiliza, afande. Alitaka kusikia mbao inavyolia inapokatwa. Likachanika kabla ya wakati wake."

Tunda moja lilidondoka karibu na mguu wa koplo, naye akaruka.

"Ukamweka kwenye gari."

"Ndiyo."

"Alikuwa hai."

"Alikuwa anasema."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Mdogo wangu, punguza mwendo, naumia.'"

Inspekta alitazama kando kidogo, kisha akarudisha macho. "Barabara inagawanyika mbele ya lango. Mkono wa kulia ni hospitali."

"Nilisimama pale," Bwana Misitu akasema. "Nilisimama njia panda, injini inawaka. Nikaona watakavyoniuliza, ametoka wapi, ameumizwa na nini. Nikaona unga wangu unamwagika, nikaona jina langu kwenye ubao wa wezi wa magogo niliowafunga kwa mkono wangu mwenyewe. Nikajiambia ameshakufa. Alikuwa amenyamaza, nikajiambia ndiyo hivyo, ameshakufa. Nikakata kushoto."

"Nyumbani hapakuwa na mtu."

"Shemeji huenda sokoni wakati ule. Nilijua. Nikamlaza chini ya mti. Nikapanda juu ya ukuta nikakata kitawi, nikaegemeza ngazi, nikamkung'uta nguo. Nilimkung'uta vizuri. Sikukunjua mikono ya shati."

Inspekta alichutama mbele yake ili macho yao yawe sawa, akauliza swali kwa sauti ya chini, bila kugombeza.

"Ulipokuwa unaegemeza ngazi, alikuwa anapumua?"

Bwana Misitu alitazama mikono yake.

"Alikuwa ananitazama."

Koplo aligeuka akautazama mti mpaka Inspekta alipomgusa bega na kumwambia alete pingu.

*

Inspekta angeweza kumtuma mtu kwa mjane. Alikwenda mwenyewe.

Viti vingi vilikuwa vimeshaondolewa. Mjane alikuwa ameketi chumbani kando ya dirisha, kapu la nguo zilizokauka miguuni pake, akikunja moja moja. Hakuinuka. Alimwonyesha mgeni kitanda kwa kidevu.

"Kaa, mwanangu. Nina swali, na nimemuuliza kila mtu anasema nisijisumbue." Alinyoosha shati la kiume juu ya mapaja, akalilainisha kwa kiganja. "Nilipomshika, alikuwa bado na joto. Siku ile nilikaa sana sokoni. Nilikutana na mtu tuliyesoma naye, tukacheka, tukacheka, mpaka nikasahau nyumbani. Ningerudi mapema ningemkuta?"

Kulikuwa na jibu jepesi, nalo lilikuwa tayari mdomoni mwa Inspekta. Hakulitoa. Alimtazama yule mama alivyokuwa akilainisha mkunjo ambao haukuwapo, akaona kwamba atalainisha mkunjo huo mpaka afe.

"Mama, hakuanguka hapa. Aliumizwa kwingine akaletwa na gari. Muda wa kumwokoa ulikuwa barabarani. Nimemuuliza daktari kwa njia zote ninazozijua. Alipofika uani kwako, muda huo ulikuwa umekwisha. Kicheko chako hakina kosa."

Mikono ya mjane ikasimama.

"Nani alikuwa anaendesha?"

Nje, kijiko kiligonga sufuria, mtu akamwita mwingine alete maji. Inspekta hakujibu upesi, na katika kutojibu huko mjane alipata jibu lake. Alilipokea pole pole. Likapita usoni, likashuka kifuani, akajishika hapo kwa mkono mmoja.

"Ndiye aliyemfumba macho," alisema. "Mbele yangu. Nilimshukuru."

"Ndiyo, mama."

"Nilimpikia uji. Nilimwambia ale, asije akaanguka na yeye."

Mjane akamalizia kulikunja lile shati, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, kola juu, akalinyoosha mbele.

"Hili ni lake. Alilivua juzi nikamfulia. Mpelekee, huko mnakowaweka watu kuna baridi."

Inspekta alilipokea kwa mikono miwili.

"Na umwambie," mjane akasema, akiinama tena kwenye kapu kutafuta nguo nyingine, "asimtume mtu kuniomba msamaha. Akija mtu na maneno hayo nitampiga."